Ubwari, "kisiwa" kinachofikiwa kwa miguu

Ndugu msomaji, zile ndagala kavu unazonunua kwa kikombe kwenye soko la Kamituga, la Lugushwa ao la Misisi, zenye mchanga kidogo ambao mama wa nyumba huulalamikia kila anapoziosha, umewahi kujiuliza zilianikwa wapi? Mchanga ule nao una kwao. Mwezi huu ninataka tutoke wote kwenye vumbi la karieri, twende mpaka kule mchanga huo unakotoka, ng'ambo ya Baraka, mahali panapoitwa Ubwari.

Mimi ni mtu wa Kimanga, hapa Uvira. Siye huku tunaamka na mlima mgongoni na ziwa usoni, na pa kujenga katikati ni padogo. Ubwari ninaujua kwa sababu dada yangu mkubwa aliolewa kule. Shemeji alikuwa mvuvi. Mwaka 2011, usiku wa upepo, alizama, na mwili haukupatikana. Mtoto wao wa kiume alipokua hakutaka kusikia habari ya wavu. Mwaka 2016 alikwenda Misisi kuchimba dhahabu, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwao. Nikimwuliza kwa simu, jibu lilikuwa moja tu: "Mjomba, kule ni kisiwa. Miye pirogi sipandi tena. Shimoni watu wanaweza kukuchimbua. Ziwa halirudishi mtu."

Na mama yake kule naye anaogopa shimo. Septemba 2020 mvua ilipojaza mashimo ya Kamituga na watu karibu hamsini wakafa, habari ilifika Ubwari kwa boti. Dada hakujua tofauti ya Kamituga na Misisi. Kwake zote ni "kule kwa dhahabu". Siku tatu alikaa ufukoni, akiuliza kila pirogi inayofika kama kuna aliyesikia jina la mtoto wake.

Basi Julai 2021 nilimwambia mpwa wangu: tukutane Baraka, mengine tutayaona hapohapo.

Kutoka Uvira unashika barabara ya kusini. Unapita bandari ya Kalundu, kisha mlima unasogea mpaka unataka kuingia majini, na gari linatambaa katikati. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda sana. Mahali pengi tuliona nyumba zimesimama ndani ya maji, milango wazi, samaki wadogo wakiingia na kutoka kama wenye nyumba. Ukifika Makobola, nyamaza kidogo. Pale, mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, watu wengi sana waliuawa, na wenyeji hawajasahau. Mbele utapita Swima, Lusenda ambako kambi ya wakimbizi wa Burundi ilifunguliwa mwaka 2015, kisha Mboko. Ramani inasema Uvira mpaka Baraka ni kama kilomita 90. Ramani haijui mashimo ya barabara wala barieri. Ondoka asubuhi, beba chakula, na kabla ya safari uliza hali ya usalama kwa watu waliopita siku ileile. Tangu vita vilipofika Uvira, Desemba 2025, habari ya jana si habari ya leo.

Ukikaribia Baraka, tazama ng'ambo ya maji upande wa kushoto. Utaona mgongo mrefu wa mlima umelala juu ya ziwa kama ng'ombe aliyepumzika. Huo ndio Ubwari. Na kwa macho yako utaapa kwamba ni kisiwa.

Usione haya, hata wakubwa walidanganyika. Aprili 1858 Mwingereza Richard Burton, pamoja na mwenzake Speke, walitoka Ujiji kwa mitumbwi kuja Uvira, kutafuta kama mto Rusizi unaingia ziwani ao unatoka. Walipita Ubwari, wakaona maji huku na maji kule, na Burton akaandika kitabuni kwamba ni kisiwa. Hata urefu wake alikadiria. Hilo la Rusizi walikuja kulihakikisha Livingstone na Stanley mwaka 1871: unaingia. Miaka mitano baadaye, 1876, Stanley alizunguka ziwa lote kwa mashua yake Lady Alice, akakuta kwamba kwa upande wa kusini Ubwari umeshikana na nchi kavu. Ghuba iliyo katikati ya Ubwari na Baraka akaipa jina la Burton, mpaka leo ramani zinaliandika. Wafaransa wana neno lao kwa nchi ya namna hii, maana yake "karibu kisiwa". Wabwari wenyewe walijua siku zote, ila hakuna aliyewauliza.

Mpwa wangu alinikuta Baraka, amekonda, mikono migumu kama gome, simu mbili mfukoni. Usiku ule tulikula vizuri na kucheka. Asubuhi tulipofika ufukoni, pirogi ya motere ikawa tayari, watu wameketi kati ya magunia ya chumvi na kreti za sabuni. Akaweka mguu mmoja ndani. Akautoa. "Mjomba, nenda wewe. Nitakungoja hapa." Sikumlazimisha. Mtu aliyempoteza baba yake kwa maji hashindwi kwa maneno.

Nikavuka peke yangu. Kama na wewe utavuka, ondoka alfajiri, maji yakiwa yamelala; kuanzia saa nne ao tano katika miezi ya kiangazi upepo huamka, na hapo hata mabaharia hunyamaza. Dai jile. Kama boti haina jile, ama imejaa mpaka maji yanalamba ukingo, shuka, ungoje nyingine. Hakuna sherehe wala kilio kinachoshinda mstari huo.

Upepo huo wa kusini-mashariki, ambao huvuma kuanzia Mei mpaka Septemba, ndio uliomchukua shemeji. Lakini ndio pia unaotulisha. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake inayolipita. Sehemu kubwa ya maji ya chini haina hewa, na samaki wanaishi sehemu ya juu tu. Chakula chao kinazama chini na kubaki kule kama akiba iliyofungiwa. Upepo wa kiangazi unayasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na kule kusini maji ya chini yanapanda, yakileta ile akiba. Viumbe vidogo sana vinaongezeka, ndagala wanavila, mikeke wanawala ndagala, siye tunawala wote wawili. Siku hizi ziwa linapata joto zaidi, na maji yenye joto juu hayataki kuchanganyika na ya chini. Wataalamu wanaona hiyo ni sababu moja ya samaki kupungua; nyingine ni nyavu za matundu madogo na wavuvi kuwa wengi. Nchi nne za ziwa zilikubaliana ziwa lipewe likizo, na Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei 2024. Wavuvi wanauliza watakula nini miezi hiyo. Ni swali la haki.

Sasa tushuke kwenye boti. Utavua viatu, utakanyaga maji ya vuguvugu, na mbele yako ufuko mzima utakuwa umemetameta kama mtu amemwaga fedha. Ni ndagala zinaanikwa. Wamama wanazigeuza kwa mikono, watoto wanafukuza kuku na kunguru. Nilipomwambia mama mmoja kwamba watu wa madini wanalalamika juu ya mchanga, alicheka mpaka akaketi. "Waambie walete turubai!"

Kijiji cha dada kiko chini ya mlima, katikati ya mingazi. Ukifika, usianze kutembea na kupiga picha. Kwanza nenda kwa shefu, jitambulishe, sema umetoka wapi na unakwenda kwa nani. Mkono wako usiwe mtupu: chumvi, sabuni, sukari kidogo vinafaa kuliko maneno. Ukishafanya hivyo, kijiji chote kitakuwa macho yako.

Dada alinipokea kwa machozi, kisha akatazama nyuma yangu. Alitazama mpaka pirogi ilipomaliza kushusha watu. Hakuuliza kitu. Akaingia jikoni.

Na hapo, msomaji, ninapaswa kukueleza chakula, kwani anayekwenda Ubwari na asile mukeke hakufika. Mukeke anapasuliwa mgongoni, anafunguliwa kama kitabu, anapakwa chumvi, anawekwa juu ya makaa yasiyo na ulimi wa moto. Hageuzwi ovyo, anangojewa mpaka mafuta yake yaanze kulia. Pembeni kuna sufuria yenye mawese, nyanya, kitunguu na pilipili nzima isiyopasuliwa, ili mgeni achague mwenyewe kiasi cha ukali. Mawese hayo hayakutoka dukani. Dada alichemsha ngazi usiku, akazitwanga asubuhi, akakamua, akachemsha tena mpaka mafuta mekundu yakapanda juu. Bugali ni wa muhogo uliolowekwa siku tatu, ukaanikwa juu ya mawe ya ufukoni, ukatwangwa. Ni mweupe na unavutika, na una harufu ambayo mtu wa mjini anakunja pua siku ya kwanza, siku ya tatu anaiulizia. Kuna pia sombe iliyopikwa na maji ya ngazi, na ndagala wabichi waliotoka majini usiku huo, wakakaangwa na vichwa vyao. Kuhe alipatikana siku moja tu, akapewa shefu. Nikamwona akipita.

Maji ya kunywa yachemshwe, hata kama ziwa linang'aa mpaka unahesabu mawe ya chini. Kipindupindu tunakijua vizuri pwani hii, na kichocho kipo. Tena watoto wasioge peke yao jioni. Mamba hana habari kama wewe ni mgeni.

Usiku toka nje. Kama hakuna mbalamwezi, utaona mji umesimama juu ya maji, taa mia kwa mia mpaka upeo wa macho. Ni wavuvi. Ndagala hupenda mwanga, hukusanyika chini ya taa, na wavu unawainua kutoka chini. Wenye mtumbwi mmoja huwachota kwa lusenga. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga umetapakaa kila mahali, taa haina kazi, na wavuvi hubaki nyumbani kushona nyavu.

Siku ya tatu nilipanda mlima. Mzee mmoja, jirani ya dada, alinitangulia na panga na fimbo. Mwanzo unapita mihogo na mingazi, kisha majani marefu yanayokata mikono, kisha mawe. Vaa viatu vya kufunga, si kandambili. Saa mbili na nusu mimi, yeye angetumia moja. Kila nilipohema alisimama akajifanya anatafuta dawa porini. Tulitoka giza likiwapo bado, kwa sababu Julai watu huchoma majani na mchana moshi unafunika kila kitu.

Juu kabisa nchi ni nyembamba, na unaona maji mawili. Mashariki ni ziwa pana, na mbali kabisa mstari wa buluu ambao mzee alisema ni milima ya Burundi na ya Tanzania. Magharibi ni ghuba, tulivu, na Baraka imelala kando yake, mabati yanawaka jua, na nyuma milima ya Fizi imepandana. Nikageuka kusini. Ghuba ilikuwa inakonda, inakonda, halafu inaisha. Baada yake ni nchi, kijani, mfululizo mpaka milimani.

Mzee akaelekeza fimbo. "Unaona pale mayi yanaishia? Ni njia. Zamani, wakati wa vita, tulipita pale na mbuzi."

Nilikuwa nimekwenda Ubwari mara nne. Kila mara kwa pirogi, na kila mara nikirudi Kimanga nilisema, "Nimetoka kisiwani." Mpwa wangu neno hilo alilitoa wapi kama si kinywani mwangu? Burton alikuwa na udhuru. Alikuwa mgeni, tena mgonjwa.

Pale juu rezo inashika. Nikampigia Baraka.

"Unatembea siku mbili?" nikamwuliza.

"Kwenda wapi?"

"Kwa mama yako."

Kimya. Kisha: "Na mayi?"

"Ni Mutambala tu, na huo ulivuka juzi ukitoka Fizi."

Kimya tena, kirefu, mpaka nikaangalia simu kama kredi imekwisha. "Mjomba, usinidanganye."

Nilivuka kesho yake kwenda kumchukua, kwani kwa simu mtu anaweza kubadili mawazo. Tukaondoka Baraka alfajiri kwa miguu. Wewe ukipenda kufanya hivyo, kumbuka jambo moja: ghuba inabaki mkono wako wa kushoto tangu mwanzo mpaka mwisho. Unashuka nayo kusini, unaizunguka, unapanda nayo kaskazini, na ni kushoto tu. Chukua mwenyeji wa kukuongoza, maana vijia ni vingi na vingine vinaishia kwenye mashamba ya watu. Karibu na maji utakuta matete na matope, na mahali pengine nyayo za kiboko pana kama sahani. Hapo unazunguka mbali, bila ubishi. Vijijini watu walituuliza kama tunauza kitu. Tukisema tunakwenda kusalimia mama, walituonyesha njia bila kuomba lolote, na mwanamke mmoja alitupa mihogo ya kuchemsha tukila huku tukitembea. Usiku tulilala kwa mwalimu, tukapewa mkeka na sombe.

Pale shingoni, ambapo Ubwari unashikana na nchi, hakuna bango wala jiwe. Ni udongo na majani tu. Mpwa wangu alisimama, akapiga kisigino chini mara mbili tatu, kama wanavyofanya wachimbaji kusikia kama chini kuna tupu. "Ni kavu," akasema. Tukaendelea.

Tulifika jioni ya siku ya pili. Dada alikuwa amechuchumaa anapepeta ngazi, na macho yake yalikuwa ziwani, kwani watu wote wa kwake hufika kwa upande huo. Sisi tulitokea nyuma, kwenye mihogo. Mbwa ndiye aliyetuona kwanza. Sitaandika yaliyofuata, wamama wanaosoma ukurasa huu wanayajua. Nitasema tu kwamba alizishika zile simu mbili, akamwuliza mtoto wake ni kwa nini mtu mwenye simu mbili hakupiga hata moja, na hapo ndipo tukaanza kucheka.

Mpwa wangu alikaa siku tisa. Siku za kwanza aliketi akilipa ziwa mgongo. Usiku wa nne ao wa tano, taa zilipowaka, nilimkuta nje amesimama anazihesabu kwa kidole, kama mtoto. Majini hakuingia, na hakuna aliyemwambia aingie.

Siku ya kumi alirudi Misisi kwa njia ileile ya miguu. Mama yake alimfungia gunia dogo la ndagala, akamsindikiza mpaka mwisho wa mingazi.

"Mwambie bibi yako azioshe mara mbili," alimwambia. "Kuna mchanga."